Kuwaandaa Walimu wa Bhajan

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa kuimba na wanajumuiya, siku ya pili ya maadhimisho ya hekalu letu, na mfanyabiashara kutoka Inyonga, Wilaya ya Mlele



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya wale wanaowafundisha watoto wetu kuimba. Mimi si mwimbaji wala si mwanazuoni. Elimu yangu iliishia sekondari, na umri wangu umepita nyuma ya kaunta, nikiuza mabati na misumari, na kununua asali na nta kwa warina asali wa Inyonga. Lakini nimeketi mkekani katika bhajan za Jumamosi tangu utotoni, na katika ukumbi huu nimewaona walimu wanne wakipokezana kinanda. Watatu kati yao waliacha kazi wakiwa na sauti zilizopasuka. Mmoja wao, mama tuliyempenda sana, alifikia hali ya kushindwa kuimaliza aarti, akawa anapiga manjira tu huku midomo yake ikifuata maneno. Alikuwa hajatimiza miaka hamsini na mitano.

Wote mnajua kwamba Halmashauri imetenga fedha za maadhimisho haya, na kwamba pendekezo lililo mezani ni marumaru ya sakafu ya ukumbi. Nimekuja kuomba sehemu ya fedha hizo iende kwa walimu. Naomba mnivumilie nieleze sababu zangu.

Hapo kale swali la nani amfundishe mwalimu halikuulizwa. Mwanafunzi alihamia nyumbani kwa guru, akateka maji, akafua nguo, akakaa miaka kumi au zaidi, na hatimaye yeye naye akawa guru. Alichofunzwa ni kuimba; namna ya kufundisha aliiokota kwa kutazama. Utaratibu huo ulitoa waimbaji wakubwa, nami siubezi hata kidogo. Hata hivyo ulikuwa na kasoro yake: mwanafunzi ambaye koo lake halikuumbwa kama la guru alilazimika kuiga sauti isiyokuwa yake, na walioharibikiwa njiani hakuna aliyewahesabu.

Aliyelifungua lango hilo ni Vishnu Digambar Paluskar. Alizaliwa Kurundwad mwaka 1872, akaharibikiwa macho utotoni kwa fataki ya Diwali, akapelekwa Miraj kujifunza kuimba kwa Balkrishnabuwa Ichalkaranjikar. Tarehe 5 Mei 1901 alifungua Gandharva Mahavidyalaya mjini Lahore, shule yenye madarasa, vitabu na ratiba, iliyotegemea michango ya watu wa kawaida badala ya hazina ya mfalme. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: Paluskar hakuridhika kutoa waimbaji, alikusudia kutoa walimu. Mmoja wao ni Omkarnath Thakur, mtu wa kwetu Gujarat, aliyezaliwa Jahaj mwaka 1897 na baadaye akaongoza masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Mwingine ni Narayan Moreshwar Khare, aliyetumwa katika ashram ya Gandhiji kule Sabarmati kuwafundisha wakazi wake kuimba sala, na ambaye kazi yake imo ndani ya Ashram Bhajanavali. Vaishnava Jan To ya Narsinh Mehta, ambayo hapa kila mtoto anaijua, iliimbwa katika sala za ashram hiyo. Kwa hiyo mwalimu aliyeandaliwa vizuri, akatumwa mbali na mji wake, akakaa na watu wasiokuwa wanamuziki, si jambo geni kwetu. Ni sehemu ya urithi wenyewe.

Paluskar alifariki mwaka 1931, na mwaka huohuo wafuasi wake wakaunda baraza la mitihani ambalo lipo hadi leo, lenye ngazi kuanzia Prarambhik ya wanaoanza hadi Alankar ya wabobezi. Nawauliza walimu wetu, bila kejeli: kati yenu ni nani aliyewahi kuketi mtihani hata mmoja wa ngazi hizo? Na sisi wanajumuiya, ni nani kati yetu aliyewahi kumlipia mwalimu ada ya mtihani?

Yuko pia B. R. Deodhar, naye mwanafunzi wa Paluskar, aliyekuwa na shule yake mjini Bombay. Huyu hakuona aibu kutafuta elimu nje ya mila yake. Alisoma muziki wa Kizungu, akachunguza namna koo linavyofanya kazi, akauliza kwa nini sauti za waimbaji wengine hudumu na za wengine hufa mapema. Katika shule hiyo ndimo alimokulia Kumar Gandharva. Baadaye kifua kikuu kilimwondolea Kumar uwezo wa pafu moja, akakaa miaka kadhaa bila kuimba hadharani. Aliporudi, aliimba kwa vifungu vilivyolingana na pumzi aliyobakiwa nayo, na India nzima ikamsikiliza. Mimi huwaza kwamba mtu aliyefunzwa kuiga peke yake asingeweza kujijenga upya namna ile.

Sasa niingie katika koo lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye hasara yetu.

Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba aliyeitwa Manuel Garcia, Mhispania aliyefanya kazi London, alitumia kioo kidogo cha mganga wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Mwaka uliofuata aliwaeleza wanasayansi wa Uingereza alichokiona. Ona kwamba aliyefanya uchunguzi huo hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu kama ninyi. Alichokiona ni kunjo mbili laini ndani ya zoloto, zinazofunguka tunapovuta pumzi na kugusana tunapotoa sauti. Mwanamume akizungumza kwa kawaida, hugusana kiasi cha mara 100 kwa sekunde au zaidi kidogo. Mwanamke, kama mara 200. Mtoto mdogo, zaidi ya hapo. Tufanye hesabu ya duka. Mara 200 kwa sekunde ni mara 12,000 kwa dakika. Mwalimu wa kike akiimba mfululizo kwa dakika kumi, nyuzi zake zimegongana mara 120,000, na hiyo ni kama anaimba chini chini tu. Akipandisha sauti ili ashindane na kinanda, tabla, spika mbili na watoto thelathini, idadi hupanda na kishindo huongezeka. Kiganja kinachopigwa makofi kiasi hicho kingevimba. Nyuzi za sauti nazo huvimba, na zisipopumzishwa huota vinundu. Yule mama yetu hakupatwa na jicho baya, na naomba tuache kusema hivyo.

Hasara ya pili iko kwa watoto. Mwalimu wetu wa kiume huweka Sa yake kwenye kibao cheusi cha kwanza, kwa kuwa hapo ndipo sauti yake inapokaa vizuri. Kwa mwanamume ni sawa. Wanawake wengi wangependa Sa ipande hadi karibu na kibao cheupe cha tano au zaidi. Mtoto wa miaka minane akiambiwa aimbe pale pa mwanamume, noti za chini hazipati kabisa, basi hunong'ona au hunguruma. Za juu akizifikia hupiga kelele kwa furaha kwamba hatimaye amesikika. Mwalimu humwambia hana sikio. Sikio analo, ila amewekewa ngazi ambayo daraja lake la kwanza liko chini ya sakafu. Mvulana wa miaka kumi na tatu, ambaye sauti yake imeanza kuvunjika, huchekwa Jumamosi moja na Jumamosi ya pili harudi. Tunasema vijana wameiacha dini. Wengine tumewafukuza kwa kibao cha kinanda.

Hapa niwaeleze ninachokisikia Inyonga. Sisi Wahindu kule tu wachache mno, familia za kuhesabika kwa vidole, na bhajan zetu huimbwa sebuleni. Lakini jirani na duka langu kuna kwaya ya kanisa ifanyayo mazoezi jioni, na kwa miaka mingi nimekuwa msikilizaji wao asiyealikwa. Mwalimu wao ni mkulima wa tumbaku. Kabla ya wimbo huimba noti moja, huwasikiliza waimbaji, na ikiwa sauti ya kwanza wanakaza shingo, huishusha. Sauti ya nne wakizama, huipandisha. Ndipo anaanza. Hufundisha kila sauti peke yake, kwa do re mi, kisha huziunganisha. Akichoka, humpa msaidizi wake aongoze, naye huketi nyuma na kusikiliza. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akanijibu kwamba walimu wa kwaya hukutana, hufundishana, na wimbo mmoja hufundishwa na watu watatu kwa namna tatu ili waone ipi ni bora.

Ile do re mi yao iliimarishwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover wa Norwich. Tofauti yake na noti za mistari ni kwamba do huwekwa popote sauti za waimbaji zinapopenda. Je, si hivyohivyo Sa yetu? Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni haina makao ya kudumu kwenye kinanda. Makao yake ni koo la anayeimba. Mkulima wa tumbaku wa Inyonga anaifuata kanuni hiyo ya Kihindi kwa uaminifu kuliko sisi tunaoitaja kwa Kisanskriti.

Kinanda nacho nikiseme kidogo, ingawa najua kuna watakaonuna. Tunakiona kitakatifu kwa sababu kiko mbele ya madhabahu, kumbe asili yake ni Paris, alikokisajili Alexandre Debain mwaka 1842. Redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 hadi 1971, kwa hoja kwamba noti zake zilizokazwa haziwezi kuteleza kama sauti ya Kihindi inavyoteleza. Mimi sisemi tukitupe. Nimekichangia mimi mwenyewe kile mnachokiona. Nasema mtoto anayefundishwa kwa kinanda tangu siku ya kwanza hufuata vidole vya mwalimu, na kinanda kikinyamaza naye hunyamaza. Tambura inayompa Sa na Pa tu humlazimisha aitafute noti mwenyewe. Siku hizi tambura ipo katika programu ya simu, na nyingine ni za bure.

Kuna na suala la herufi. Wajukuu wetu hawasomi tena maandishi ya Kigujarati. Maneno ya bhajan huyapata kwenye simu kwa herufi za Kirumi, na kwa kuwa wamesoma shule za Kiswahili, huyasoma kwa Kiswahili. "Radha" hutamkwa kwa dh ya "dhahabu", na "Nath" kwa th ya "thelathini". Bibi zao huziba masikio. Mimi sioni kosa la mtoto, anasoma alichoandikiwa. Mwalimu aliyeandaliwa angejua kwamba tatizo ni la ulimi, angeonyesha ulimi unagusa wapi na pumzi inatoka lini, na shughuli ingekwisha kwa dakika tano. Upande mwingine Kiswahili kimewapa watoto hawa zawadi ambayo hatuitumii. Vokali zake tano ni wazi na hazibadiliki, na a yake imefunguka kabisa. Mwanafunzi wa India hutumia miezi akifanya akar, yaani kuimba kwa a iliyo wazi. Watoto wa Mlele na Mpanda huzaliwa nayo mdomoni.

Juu ya kutunza sauti, nitasema machache yenye manufaa. Kiangazi chetu cha magharibi, kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, ni cha vumbi na moshi, na koo hukauka. Maji yanywewe mchana kutwa, kidogo kidogo, si glasi moja mlangoni. Watu huniuliza juu ya asali, wakidhani nitaisifu kwa kuwa naiuza. Asali hutuliza koo linalowasha, na ile ya miombo ya Inyonga ni tamu mno. Lakini chakula hupita njia yake na pumzi hupita njia yake, kwa hiyo tone la asali haliwezi kufika kwenye nyuzi za sauti. Anayewaambia vinginevyo anataka kuuza kuliko mimi.

Zoezi moja mlijaribu leo hii. Chukueni mrija wa soda, utieni katika kikombe cha maji kina cha vidole viwili, kisha imbeni sargam kupitia mrijani hadi maji yatoe mapovu. Walimu wa sauti wa Finland walikuwa wakitumia mirija ya kioo ndani ya maji miongo mingi iliyopita, na leo zoezi hili linatumika nchi nyingi kuipasha sauti moto na kuipumzisha iliyochoka. Shinikizo la hewa linalorudi nyuma hufanya nyuzi zigusane kwa upole. Wazee wetu walikuwa na ndugu yake: bhramari, pumzi ya kuvuma midomo ikiwa imefungwa, iliyopewa jina la nyuki. Warina asali wangu hucheka ninapowaeleza kwamba kuna watu wanaojifunza kuvuma kama mzinga.

Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia juzi: "Bhai, bhajan ni ibada, si mashindano. Mungu hasikilizi ufundi." Sina ubishi naye juu ya Mungu. Lakini hatuishi kwa kanuni hiyo katika mambo mengine. Hatumpi Mungu maua yaliyonyauka tukasema haangalii maua. Na yule mama aliyenyamaza kwenye aarti, ibada yake ilipungukiwa na kitu, nasi tulikuwa tumekaa pale tukimtazama.

Basi ombi langu ni hili. Walimu wetu, wale wakongwe na wale wasaidizi vijana, wakutane Jumamosi moja kila mwezi bila watoto. Mmoja afundishe, wengine wamsikilize na waseme walichoona, na simu irekodi. Hilo halina gharama zaidi ya chai. Mwalimu wa kwaya mwenye uzoefu aalikwe hapa mara mbili kwa mwaka, awe Mkatoliki, Mmoraviani au mwingine, alipwe kama mtaalamu na si kupewa soda. Kisha vijana wawili wapelekwe kusoma. Mahali papo. Kituo cha Utamaduni wa India kiko Dar es Salaam. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako taarabu iliyokuwa ikirithiwa kwa sikio sasa hufundishwa darasani. Na tukumbuke kwamba Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, kwa hiyo njia baina ya koo la pwani na masikio ya kwetu ni ya zamani. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa shule kabisa, Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimekuwa kikiandaa walimu wa muziki kwa miaka mingi. Wamarekani wana chama cha taifa cha walimu wa kuimba tangu mwaka 1944. Sisi tuanze na watu sita na birika la chai.

Jambo la mwisho ni malipo, na hapa nasema kama mfanyabiashara. Mwalimu wetu wa bhajan hupewa shali na nazi siku ya Diwali. Fundi wa spika hulipwa siku hiyohiyo, taslimu, kabla hajakunja waya. Kijana mwenye akili huona tofauti hiyo na huchagua spika.

Marumaru inaweza kungoja mwaka mmoja. Sakafu ya saruji tuliyo nayo haijamwangusha mtu. Halmashauri ikikubali kulipia kijana mmoja, mimi nitamlipia wa pili, ada, nauli na chumba, kwa muda wote wa masomo yake, na sharti langu ni moja tu: akirudi afundishe hapa Jumamosi, na mara moja kwa mwezi apande basi la Inyonga, kwa sababu kule sebuleni kwangu kuna watoto saba wanaoimba kwenye kibao cheusi cha kwanza. Katibu anayo karatasi ya kuandika majina. Kura ya Halmashauri ni kesho saa nne asubuhi, nami nitakuwapo hadi basi la mchana.